Jini la Gari la Kijiji

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Nimeamkia gari kama kawaida. Kisiwa chote hiki cha Mafia, bila mimi hakuna injini inayonguruma. Boti ya serikali iliwahi kugoma, nikaisemesha kwa mbali tu, ikawaka. Sasa gari la kijiji. Likisimama linanguruma vizuri. Nikikanyaga mafuta linasita, linakohoa, linataka kufa. Nimemwambia mwenyekiti siku mbili zinanitosha.
Mwanaidi, binti wa dada yangu Zuhura, ana mimba kubwa, mtoto kalala mkingamo. Nesi kasema Ijumaa awe hospitali Kilindoni, uchungu usimkute hapa Ndagoni. Gari ni hili moja.

Jumanne, 6 Agosti
Kabureta nimefungua, nimeosha, nimefunga. Imebaki skrubu moja. Nimeitia mfukoni. Plagi nimezisugua kwa msasa. Bado linasita.
Watu wamejaa. Nikawahadithia nilivyotengeneza gari la gavana huku linakwenda. Wamecheka. Si kicheko nilichotaka.

Jumatano, 7 Agosti
Nimeona ufa kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye injini. Nikauziba kwa pamba na mafuta ya papa, kama mafundi wa Jibondo wanavyoziba majahazi yao. Nikatamba. Nikawasha. Linakohoa kuliko jana.
Mwenyekiti kauliza kulikoni. Nikasema ni jini, limepanda Ras Kisimani kwenye magofu, siku tulipofuata mawe. Maneno yametoka yenyewe. Wameamini wote. Nimeona aibu. Nimeshukuru pia.

Alhamisi, 8 Agosti
Dada kaja na chetezo kulifukiza jini. Nikawasha injini kwa madaha, eti lisikie. Kapitisha ubani chini ya boneti. Moshi ukapanda, halafu ukapinda. Ukaingia wote kwenye ufa wa ule mpira wangu.
"Kaka, jini lako linavuta sigara!"
Watu wakaangua kicheko. Kaugusa mpira, ukamkatikia mkononi kama mkate uliolowa. Mafuta ya papa yameulainisha. Kanusa vidole.
"Na nani kaupaka uvundo huu?"
Nikainamia tairi. Tairi halina kosa lolote.
Mwanaidi alikuwa kibarazani, kashika tumbo. "Mjomba, kesho nitafika?"
Yeye hakucheka. Hilo ndilo limeniuma. Siku nne nimetamba juu ya tumbo la mtoto wa watu. Mtoto wa dada yangu.

Ijumaa, 9 Agosti
Alfajiri nimekwenda kwa miguu kambi ya wavuvi wa Kilwa. Wamenipa kipande cha mpira wa mafuta wa mashine yao. Wakauliza wa zamani umeharibikaje. Nikasema panya.
Dada kashika taa, mimi nikaufunga. Gari halikusita hata mara moja. Njia nzima sikusema neno. Mwanaidi kauliza kama naumwa.
Nesi wa Kilindoni kampokea.

Jumapili, 11 Agosti
Mtoto wa kike. Wamempasua mama. Wote wazima, alhamdulillahi. Nesi kasema tungechelewa siku moja, angekuwa anasema mengine.
Waliobaki kijijini wanasema jini limetoka, na mimi ndiye niliyelitoa. Mzee mmoja kanipa kuku. Nimempelekea Mwanaidi kwa supu. Dada kaniangalia tu.
Ule mpira sijui kazi yake ni nini. Nimeufunga mwenyewe, na bado sijui.