Kamba Nyekundu ya Nyambura

Jumamosi, jioni. Molo kuna baridi ya kukaza vidole, na ukungu umerudi kabla hatujaanua nguo. Nimeketi jikoni kwa Mama nikiandika kwa simu. Nyambura amelala na soksi zake za tope. Nimeshindwa kumvua, nisije nikamwamsha.

Leo nimemwangusha.

Ana miaka minane. Ni mtoto wa dada yangu Wairimu, ambaye anafanya kazi Uarabuni na aliniachia mimi. Pikipiki ni zawadi ya mama yake: ndogo, ya kupanda vilima na kukanyaga matope, ilishatumiwa na mtoto mwingine. Inakaa hapa kwa Mama, na wikendi tunatoka Nakuru ili aiendeshe kwenye shamba lililovunwa viazi.

Kabla sijamruhusu kuipanda, niliisoma kama mtihani. Haina klachi ya kubana wala gia za kubadilisha. Mtoto anaongeza mafuta na kushika breki, basi. Kiti ni cha chini, nyayo zake zote mbili zinafika ardhini. Cheni imefunikwa isimeze kamba ya kiatu. Kwenye mkono wa mafuta kuna skrubu ndogo: ukiikaza, mkono hauzunguki sana na pikipiki haiwezi kukimbia.

Niliikaza mpaka mwisho.

Halafu kuna kamba nyekundu. Ncha moja imechomekwa kwenye swichi ya injini, nyingine hufungwa mkononi mwa dereva, ili akianguka ichomoke na injini izime. Mimi niliiunga na kamba ya ndama ya Mama, nikashika mwisho wake na kukimbia nyuma. Kila akiongeza mafuta, navuta.

Mama alitutazama muda mrefu, ndoo ya maziwa mkononi. Akasema hata ndama wake hafungwi hivyo, kisha akauliza ni nani anafunzwa, mtoto ama mimi.

Sikucheka. Mtoto wa kuachiwa unamshika kwa nguvu kuliko wa kuzaa. Akiumia, ningemwambia Wairimu nini?

Kwenye kilima kinachoelekea mikaratusi, pikipiki ilipanda kwa shida kwa sababu mimi mwenyewe niliinyima nguvu. Gurudumu la mbele likaruka juu ya jiwe. Nikavuta. Injini ikazima katikati ya mlima, pikipiki ikarudi nyuma, ikalala, na Nyambura akalala nayo.

Nilimkimbilia. Kofia ilikuwa mahali pake, magoti hayakuchubuka. Alikuwa analia, lakini si kwa maumivu.

"Anti, ningefika," akasema. "Ni wewe umenizima."

Nilikaa kwenye tope karibu naye. Tulipotulia wote wawili, nikafungua fundo la kamba ya ndama. Akanyoosha mkono bila kuniangalia, nikamfunga ile nyekundu. Nikachukua bisibisi, nikalegeza skrubu kidogo. Akaniuliza nitasimama wapi. Nikamwambia hapa hapa.

"Usinifuate mbio," akasema. "Unanishtua."

Akapanda. Akalipita jiwe. Akapotea nyuma ya mikaratusi, nikabaki na mlio peke yake, mwembamba kama wa cherehani. Mikono yangu haikujua ifanye nini. Ikashika kamba ya ndama.

Akarudi meno yote nje.

Wairimu amepiga simu akitaka video. Sikuwa nimerekodi yoyote. Nimemweleza nilivyomwangusha, sikuficha kitu. Akaniuliza swali moja tu.

"Lakini alifika juu?"

Alifika.

Kesho tukitoka kanisani, kabla ya kurudi Nakuru, nitailegeza skrubu nusu mzunguko tena. Nusu tu. Kamba ya ndama nimeirudisha zizini.