Kifurushi ndani ya furu

Chausiku, uko? Usicheke kwanza.

Wageni wa sikukuu ya Uhuru wamekaa sebuleni. Nami najifanya wa kisasa, nataka kuwachomea ile mikate ya barafu, iliyogandishwa, yenye nyama ndani, ile wifi alileta kutoka mujini Buja. Pakiti inasema furu, jiko la umeme la kuokea, iwake tupu kwanza, ipate moto. Nikawasha bila kufungua.

Bila kufungua, Chausiku.

Moshi. Harufu ya ndagala, visamaki vya ziwani, mpaka barabarani.

Mama mukwe alikuwa ameficha kifurushi chake mule: ndagala kavu na unga, vimefungwa mu kitenge. Mu furu.

Nikamuuliza kwa nini. Akajibu polepole, wageni wote wanasikia: «Mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji, tulivuka ziwa na njaa, nikiwa mutoto. Tangu siku ile chakula changu cha kukimbia nacho kiko tayari. Na hii furu hakuna mutu anaitumiaga.»



Kwa aibu nikamupa mukate mumoja wa barafu. Nikasema, mama, weka huu badala ya ndagala.

Akaugeuza mukononi. «Unakaa siku ngapi?»

Nikasema unakaa sana, ukiwa mu friji.

Akanirudishia. «Na friji nani ataibeba?»