Kilo za Bochaberi

Jumapili, 7 Aprili 1974
Binti yangu Bochaberi alifika Ijumaa kutoka chuo kikuu, likizo. Amekonda. Hapa Gesima mgeni akiingia tunamwambia, "Umenona," hata kama si kweli, kwa sababu unene ni habari njema. Mama yake alimshika mkono, akaangalia kando. Hakumwambia, "Umenona."

Jumanne, 9 Aprili
Ameacha nyama. Anasema anafuata mafundisho ya kanisa letu, yanayosifu mboga kuliko nyama. Mimi mzee wa kanisa nilifurahi — mpaka nikaona maharagwe nayo yamebaki. Na ndizi. Maharagwe yana dhambi gani?

Nilifundisha somo la afya miaka mingi. Nikamweleza tena: kuna chakula cha kujenga mwili, cha kutia nguvu, cha kulinda. Alisikiliza kwa adabu. Sahani ikarudi jikoni ilivyokuja. Kuna jambo.

Alhamisi, 11 Aprili
Mke wangu Kemuma anashuku mimba. Nikamweleza kwamba mimba huongeza mwili. Akaniuliza ni nani kati yetu aliyezaa.

Jumatatu, 15 Aprili
Jipya. Bochaberi, aliyekuwa akikimbia kikapu cha majani chai tangu utoto, sasa anajitolea kukipeleka kituoni, chai inakopimwa, kila siku ya kuuza. Anachelewa kurudi. Karani wa mizani ni mgeni, Machogu, kijana wa Nyamache. Suruali yake inafagia barabara.

Jirani yangu Obwocha ananicheka. "Mwalimu, huyo karani sisi hutupunguzia kilo. Wewe atakupunguzia binti."

Sikucheka.

Jumatano, 17 Aprili
Nimemfuata. Nilijibanza nyuma ya mikaratusi, na umri huu wangu. Wakulima walipoondoka, Bochaberi akavua sweta, akavua viatu, akashika kulabu ya mizani kwa mikono miwili, akainua miguu. Akaning'inia pale kama kikapu.

Machogu akasoma namba upande wake. "Hamsini na tatu. Umeongeza, dada. Umependeza."

Bochaberi akaiachia kulabu kama imemchoma. Alivaa viatu akilia. Kwa hiyo si mapenzi. Lakini mtu analilia kilo?

Nikatazama mikono yake ilivyokuwa myembamba, nikaishuku ile mizani.

Alhamisi, 18 Aprili
Jana usiku hakula. Leo pia.

Nimerudi kituoni peke yangu. Nikamwuliza Machogu kama jana alisoma sawasawa. Akapangusa mizani ambayo haikuwa na vumbi.

"Mwalimu, nisamehe. Ilikuwa arobaini na nne. Sasa nitamwambiaje mtoto wa watu kwamba anakwisha? Kila akija namwongezea kidogo, afurahi."

Sikumgombeza. Alimpa heshima ambayo sisi wote tungempa. Wakulima tunamshuku kwamba anapunguza, kumbe kosa lake ni kuongeza! Kila alipomwongezea, mtoto alirudi nyumbani akajinyima zaidi.

Ijumaa, 19 Aprili
Ameanguka shambani asubuhi, katikati ya michai. Nilimbeba mwenyewe mpaka nyumbani. Nina miaka sitini na minne na sikuhitaji kupumzika njiani. Hilo ndilo lililonitisha.

Alipozinduka alimweleza mama yake yote. Bwenini wasichana hupimana viuno kwa utepe wa fundi cherehani. Yeye walimpa jina: Gunia. Basi alianza kujinyima, na alitaka kujua amefika wapi. Hapa kwetu mizani ni ile ya chai tu.

Kemuma amekwenda kumwomba Obwocha gari, tumpeleke hospitali Kisii. Nami nimekaa kando ya kitanda na bakuli la uji.

"Baba, sili, na bado naongezeka. Mwili huu una nini?"

Jibu ninalo. Nikimwambia kilo zake za kweli, atafurahi, na furaha hiyo ninaiogopa kuliko machozi yake. Nikinyamaza, ataendelea kujinyima. Nikamweleza habari za damu na nguvu, kama darasani. Akanikatiza — hajawahi kunikatiza.

"Baba, jana nilikuona ukienda kituoni. Machogu alikwambia nini?"

Nimemwambia anywe uji kwanza, kisha nitasema. Ameshika kijiko. Hautazami uji. Ananitazama mimi.