Malalo Matupu Chini ya Mialoni

Njia ya Pili,
Westby, Wisconsin.
9 Novemba 1987.

Mpendwa Kaka Gaylen,

Habari za huko Kodiak, na bahari inawatendeaje? Natumaini jeraha lako la mkono limepona, na kwamba unakula chakula cha maana, si kaa kila siku. Sisi hatujambo. Mama alibanwa na kifua wiki mbili, sasa anapumua vizuri na kufoka kama zamani. Shangazi Borghild amekuwekea mikate ya viazi kwenye friza, na ole wake atakayeigusa.

Baba mwili haujambo. Macho ndiyo hayo. Daktari amesema la kushoto limekwisha, na la kulia huenda likafika masika, huenda lisifike. Lakini kila siku akimaliza kukamua ng'ombe anabandika sahani ya karatasi kwenye robota la nyasi na kuifyatulia risasi. Anaipata! Usiniulize anaipataje.

Kaka, nimezunguka vya kutosha. Nimekukosea.

Septemba ulipopiga simu ulinipa kazi moja tu: nisikanyage karibu na malalo ya yule kulungu dume wa pembe zenye ncha kumi, pale chini ya miti ya mialoni, mpaka uje wiki ya kuwinda kwa bunduki ukae na Baba kwenye ulingo wa mtini. "Tutaingia mimi na Baba alfajiri tu, Karlene, kabla hajarudi kulala. Ukimshtua mara moja, basi tena." Nikakucheka, "Haya, bwana kulungu, nimesikia."

Tarehe 24 Oktoba nikaingia na upinde wangu. Tena alasiri. Nilijiambia nimechoka kulinda kulungu wa watu; mimi ndiye ninayekamua naye Baba mwaka mzima, nazoa samadi, nampeleka Baba kwa daktari, halafu wewe uje siku saba upewe heshima zote. Ni wivu, Kaka, sina jina jingine. Upepo ulikuwa mzuri nikajiona fundi. Kumbe jua lilipoondoka mlimani hewa ikapoa, ikateremka, ikampelekea harufu yangu pale pale alipolala. Alipuliza pua mara moja, akainua mkia, akavuka barabara kwenda shamba la akina Tweten. Tangu siku hiyo nayatazama malalo yake kwa darubini kila asubuhi. Hajarudi.

Baya zaidi ni hili. Kila asubuhi Baba huniuliza, "Umemwona?" Nami namjibu, "Nimemwona, Baba, amelala pale pale." Namwelezea mpaka shingo ilivyovimba kwa msimu wa kupandana. Anacheka peke yake, anarudi kwa ng'ombe wake. Wiki mbili nimemfanyia hivyo mtu asiyeona mbali.

Jana baada ya kanisa akaniita ghalani. "Karlene, hii ni Novemba. Madume wote wanakimbiza majike usiku na mchana, hata kula hawali. Huyu wako amejilaza tu kama askofu? Macho yangu ndiyo mabovu, mwanangu. Akili bado nzima."

Nikalia, nikamwambia yote. Hakufoka. Laiti angefoka! Aliuliza tu, "Ulikaa mlimani, juu ya malalo yake? Alasiri? Lo, na mimi ndiye niliyekufundisha." Halafu akanishika mkono akasema, "Usimwandikie kaka yako. Miaka minne hajakanyaga hapa. Akijua kulungu hayupo, hatakuja."

Nimemwahidi, na sasa hivi navunja ahadi, maana siwezi kukuleta nyumbani kwa uongo. Kulungu hayupo, Kaka, na kosa ni langu. Nikasirikie utakavyo, nitukane mbele ya watu wote mezani, lakini usirudishe tiketi. Mzee hajali pembe. Anataka kuuona uso wako wakati bado anauona.

Mama, Shangazi Borghild na Mjomba Selmer wanakusalimu sana. Mungu akutoe salama kwenye mawimbi hayo, akufikishe kwetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nionaye haya,
Karlene