Mahindi ya Zaka

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya tatu ya kuchambua. Mgongo umekataa. Asubuhi madrasa, mchana mahindi, na vumbi lake limeingia mpaka kwenye chai.

Watoto leo thelathini na mmoja. Somo: sifa nne za mitume. Ukweli, uaminifu, kufikisha, akili. Wanaziimba kama watu wanaosukuma gari lililokwama. Hakuna anayefikiri, isipokuwa Nuru wa Mwajuma. Miaka saba, meno ya mbele hana, maswali anayo. Aliuliza kama hakuna hata mtume mmoja aliyeficha alichotumwa kusema. Nikajibu hakuna. Akasema, "Na Nabii Yunus, mwalimu? Si aliwakimbia watu wake?" Nikamwambia Yunus aliondoka kwa hasira, lakini ujumbe alikwisha kuutoa, na baadaye akarudi. Akaridhika. Na mimi nikajiona mjuzi.

Mahindi ni ya kaka Shabani. Kaka yangu wa tumbo moja, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mnunuzi mkubwa wa mahindi hapa Busi. Mwaka huu alikuwa na haraka. Alinunua hata yasiyokauka vizuri ili awe wa kwanza kufika soko la Kibaigwa. Kule dalali akachoma bambo kwenye gunia, punje zikamwagika kiganjani, akanusa, akasema yarudi. Lori likarudi na magunia manne. Kaka akayatoa zaka. Kamati ikamwombea dua ndefu.

Ghala la zaka ninalishika mimi. Nilisikia ile harufu tangu mlangoni. Tumepepeta, tumetoa punje zenye ukungu, tumeosha, tumeanika. Sasa yanaonekana mahindi. Kesho tunagawa: nyumba nane, debe tatu kila nyumba. Wajane na wazee. Mwajuma, mama yake Nuru, ni wa kwanza kwenye orodha.

Alhamisi, 14 Agosti

Kuku wangu wawili wamekufa. Nilikuwa nawapa makapi ya yale mahindi. Jirani kasema kideri. Nami nikasema kideri. Lakini kideri hufagia banda zima, na hawa wamekufa wale wawili tu wanaonyang'anyana chakula na kumaliza wao.

Sitaki kulifikiria hili.

Kamati imenipa mada ya kuwasomea akina mama siku ya Maulidi: kwa nini Mungu alileta mitume. Nimefurahi. Mwaka jana walimleta mtu kutoka mjini akaongea kuhusu nguo zetu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimejua leo.

Bibi shamba mpya alifanya mkutano ofisi ya kijiji. Binti wa Area D, Dodoma mjini, amepangiwa huku mwaka huu na bado anatembea na mwavuli wa jua. Watu walikuwa wanamcheka. Akaeleza habari ya sumukuvu: ukungu unaoingia kwenye mahindi mabichi yakifungiwa kwenye magunia, na sumu yake hukaa kwenye punje hata ukungu ukifutwa. Kuosha hakuitoi. Kupika hakuiui. Huua ini, na watoto ndio wa kwanza.

Wengine walipotoka nilibaki. Nilikuwa na konzi moja ya mahindi kwenye ncha ya kanga. Sijui kwa nini niliyabeba, au najua. Akayaangalia, akapasua punje mbili kwa kucha, akanusa. Akasema, "Mama, haya hata kuku usiwape. Yametoka wapi?"

"Ya kwangu," nikasema.

Uongo mtupu, mimi mwalimu wa sifa nne.

Nilikwenda moja kwa moja kwa kaka. Alisikiliza akiwa amesimama. Akasema nisiropoke. Maulidi haya hapa, wageni wanatoka Kondoa mpaka Dodoma, leo watu waambiwe msikiti unawalisha maskini sumu? Akasema lori lake linakuja na mahindi mazuri, tutabadilisha nyumba kwa nyumba, kimya kimya, tuseme ni nyongeza. "Unaniangusha mimi kwa maneno ya mtoto wa shule?" Nikamuuliza lori linakuja lini. Jumapili.

Nikakubali. Naandika nilivyofanya: nilikubali, na moyo ukatulia. Nilikunywa na chai yake.

Jumatano, 20 Agosti

Nimefundisha sifa mbili, nikaruka ya tatu, ile ya kufikisha. Watoto hawakugundua. Aliyezoea kugundua hakuja. Dada mmoja wa darasani kasema Nuru anaumwa tumbo.

Nimekaa na mada yangu ya Maulidi. Nimeandika: watu wana akili, basi mitume wa nini? Kwa sababu akili hujitetea. Huona jambo na kusema ni kideri. Mtume huja ili pasiwe na wa kusema kesho, "Hatukuambiwa." Hiyo ndiyo kazi yake. Kutabiri hakumpasi, na miujiza ni ya Mola wake, humpa akitaka. Kazi yake ni kusema, wazi, kwa wakati. Na hawakuletwa malaika, wamekuja watu, wanakula chakula, wanatembea sokoni, wana ndugu wa kuwaonea haya. Na wengine waliamrishwa waanze na ndugu hao hao.

Nimeandika vizuri. Mwandiko umenyooka kabisa. Nimejichukia.

Alhamisi, 21 Agosti

Nilikwenda kumwangalia Nuru. Amelala kwenye mkeka uani, tumbo limevimba, weupe wa macho umekuwa njano. Akanisalimia, "Shikamoo mwalimu," sauti kama ya mtu aliye chumba cha pili. Mwajuma anasema labda ni jicho la mtu. Bibi mmoja kamletea mizizi ya kuchemsha.

Mwajuma hana kitu, lakini mgeni haondoki kwake na njaa. Aliniwekea ugali na mlenda. Ugali ule. Niliijua harufu yake chini ya harufu ya moshi. Ningekataa angeuliza sababu. Nilinawa, nikamega, nikala. Tonge kumi na moja.

Nilipokuwa nakula, yeye alikuwa anamnywesha mtoto uji ili apate nguvu. Unga ni ule ule. Nuru alikuwa anakataa. Mama yake anambembeleza, kijiko kimoja cha baba, kijiko kimoja cha mwalimu. Mtoto akanywa kijiko cha mwalimu.

Nikasema ampeleke hospitali. Hilo tu ndilo nililosema. Nilirudi nyumbani nikatapika nyuma ya banda la kuku, lakini mimi ni mtu mzima, tonge kumi na moja hazitaniua.

Ijumaa, 22 Agosti

Wamempeleka hospitali kwa bodaboda, mama katikati, mtoto amefungwa mgongoni kama kichanga. Vumbi la barabarani likawafuata.

Baada ya sala nilimngoja kaka nje ya msikiti. Nikamwambia kuhusu macho. Nikafikiri sasa atalegea. Akasema, "Jumapili. Vumilia mpaka Jumapili." Akaingia kwenye kikao cha kupanga nani atalala wapi siku ya Maulidi.

Anaogopa. Nimemjua tangu anavaa kaptula, anaogopa. Mimi pia.

Jumamosi, 23 Agosti

Nuru amefariki alfajiri. Wamemzika kabla ya alasiri.

Wanawake tulikaa ndani na Mwajuma. Wote wanasema kazi ya Mungu haina makosa. Nikaitikia. Kaka alitoa sanda.

Jumapili, 24 Agosti

Lori halikuja. Na hata lingekuja.

Niliamka nikaswali, nikavaa baibui, nikatoka kabla jua halijachoma. Nilianza kwa kaka. Nilimwambia naanza kwake kwa sababu ni ndugu yangu, na kwamba nikitoka pale naenda nyumba zote nane. Akasimama mlangoni. "Unaniua, Zaina." Nikamwambia aliyekufa tumemzika jana. Mke wake akaanza kulia jikoni. Nikapita.

Sikuwa na hotuba. Ya Maulidi niliiacha nyumbani. Kila mlango nilisema maneno yale yale: mahindi niliyowagawia yana sumu, msiyale, nipeni yaliyobaki, nimejua tangu Jumatatu. Mzee mmoja akayatoa yote. Mama mmoja akanimwagia unga miguuni. Mwingine akalishika gunia kwa mikono miwili, akasema, "Nikikupa, watoto wale nini? Na wewe uliyaleta kwa bismillahi." Nikamletea mahindi yangu mwenyewe, debe zote zilizokuwa ndani. Nyumba ya tano wajukuu wawili walikuwa wanatapika. Hawajawa njano. Wameondoka mchana huu huu kwenda hospitali.

Kwa Mwajuma nilifika mwisho. Bado matanga. Nilisema mbele ya wanawake wote. Ile sehemu ya siku niliyojua, sijui kama aliisikia. Hakulia wala hakunifukuza. Aliangalia chungu cha uji kilichokuwa kimefunikwa pembeni, akakiangalia tena. Wanawake wakanitoa nje.

Utume umefungwa, hilo nalifundisha kila mwaka. Hakuna atakayekuja tena na ufunuo. Nimekuwa nikilisema kama vile limetupumzisha. Lakini hakuna aliyehitaji ufunuo kusema mahindi yameoza. Kilichofungwa ni utume. Kufikisha kumebaki, kwetu sisi tunaojiita warithi wao, tunaokalia mikeka yao na kula kwenye hitima zao.

Yunus aliporudi aliwakuta watu wake wote hai. Mimi nimerudi mmoja hayupo.

Jumatano, 27 Agosti

Bibi shamba amekuja na viongozi wa kijiji. Nikampeleka ghalani, nikamwambia yale hayakuwa ya kwangu na kwamba nilimdanganya. Akaandika kwenye daftari lake. Wakachimba shimo, wakayachoma na kufukia. Harufu ilikuwa ya bisi, kama sikukuu. Watoto wakaja mbio, wakafukuzwa.

Wajukuu wa nyumba ya tano wanaendelea vizuri. Alhamdulillah, na siongezi neno.

Kaka hanisemeshi. Tulikutana kisimani, akageuza punda. Kamati imenitoa kwenye orodha ya wasomaji wa Maulidi. Mwenye kuniletea taarifa alisema wanataka kunipumzisha. Madrasa leo: watoto tisa.

Nina hasira na kaka, lakini hasira ile huwa haifiki mbali. Ikianza kutembea huniona mimi njiani. Yeye hakuwafundisha wengine sifa nne kwa miaka ishirini.

Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi. Nimekaa nyumbani. Vipaza sauti vinafika mpaka huku, kaswida, halafu mgeni wa mjini, halafu kaswida. Pilau inanukia kijiji kizima.

Mwajuma alikuja. Kavaa ile kanga ya msiba. Nilimwekea kiti, akakaa chini, nami nikakaa chini. Kisha akauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza saa ngapi.

"Mwalimu, wewe ulijua siku gani?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nilichukua daftari hili rafuni, nikafungua, nikamsomea mwenyewe. Jumatatu, tarehe kumi na nane. Nimejua leo.

Akahesabu kwa vidole. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kwenye Alhamisi, siku niliyokula kwake, akakomea, kidole kimeshika kidole.

"Jumatatu alikuwa anacheza," akasema.

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga, nikaona ungekuwa ni kumbebesha mzigo wangu juu ya wake. Aliomba maji, akanywa, akarudisha kikombe. Akatoa ndani ya kanga juzuu ya Nuru, imefunikwa kwa gazeti, akaiweka mkekani. Akasema apewe mtoto asiyekuwa nayo. Nikamsindikiza mpaka kwenye korongo, yeye mbele, mimi nyuma.

Jumatatu, 8 Septemba

Upepo. Watoto kumi na mmoja.

Juzuu nimempa binti wa nyumba ya tano, mmoja wa wale wajukuu waliopona. Nikaandika sifa nne ubaoni, zote. Ya tatu nimeielezea polepole. Mmoja akauliza kama hakuna hata mtume mmoja aliyeficha. Sijui kama alimsikia Nuru siku ile au ni swali la watoto wote.

Nikasema hakuna, hata mmoja. Nikasema mwalimu wenu alificha, siku sita, na mwenzenu akafa. Wakainama kwenye madaftari wakaandika na hilo, maana huandika kila ninachosema. Nikawasubiri wamalize.