Saini ya Evaristi

Nkwenda,
12 Septemba 1987

Mdogo wangu Telesfori,

Shikamoo uliyonitumia na dereva wa lori la kahawa imenifika, marahaba. Nimefurahi kwamba kikohozi cha Pulkeria kimetulia na kwamba majani yameanza kuchipua huko Igurwa, ng'ombe wasije wakakonda zaidi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia. Nangoja mvua nipande maharage, na migomba yangu imezaa hata majirani wanakuja kuniomba miche.

Najua unangoja habari za mahakama, maana wewe ndiwe uliyevuka mpaka hadi kambi ya Nakivale, Uganda, kunitafutia jibu la mume wangu. Hati ya kuomba talaka niliiandika mwenyewe, kurasa mbili, baada ya kusoma kijitabu cha sheria ya ndoa nilichoazima kwa katibu kata. Nikaambatisha cheti cha baraza la usuluhishi, lililomwita Evaristi mara tatu bila kumwona. Karani Kamugisha alipoisoma aliniuliza kama nimekuja kudai talaka au kumnyang'anya kazi. Nikamjibu kwamba kwa jinsi viatu vyake vilivyochakaa, kazi hiyo abaki nayo.

Sababu unaijua. Tulipofukuzwa Uganda mwaka 1982, Evaristi aliniambia nitangulie na ndama, yeye angefuata na ng'ombe. Huu ni mwaka wa tano. Ng'ombe aliwauza, akakaa na yule mwanamke, Deodatha. Huku nako kijiji kimeandika shamba langu kwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye baba wa nyumba, mtu ambaye hajawahi kung'oa humo hata jani moja. Mwenyekiti amesema wazi kwamba bila talaka jina hilo halifutwi.

Uliponiletea ile karatasi ya kukubali talaka, nilitafuta alama ya kidole gumba. Nikakuta jina zima, Evaristi Nsabimana, kwa wino, herufi zimeshikana na kulala upande mmoja. Ukanisimulia kwa furaha jinsi alivyovua kofia, akakataa kidau cha wino wa kutia dole, akaandika polepole, Deodatha akiwa amesimama mlangoni. Alipomaliza, Deodatha akamwambia kwamba mzee amesahau nukta, naye akacheka, akaiweka. Ulidhani nitafurahi kwamba hakupinga neno lolote. Nilikushukuru, nikakumiminia pombe ya ndizi. Ulipoondoka niliitazama ile nukta mpaka uji ukaungulia jikoni.

Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Kule kambini niliwafundisha watu arobaini kusoma, wakiwemo vikongwe wasioona vizuri. Mume wangu peke yake alinishinda. Miaka ishirini na mitatu alitia kidole gumba: kwenye kadi ya mgao, kwenye chanjo ya ng'ombe, hata kwenye daftari la ndoa kanisani, na mimi nikaandika jina langu chini ya dole lake. Kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba Evaristi ni mzito wa kichwa.

Basi juzi Alhamisi niliitwa. Hakimu aliuliza kama nimekaa Tanzania mwaka mzima; nikasema mitano. Akauliza kama tuna mali ya kugawana, nikasema hatuna. Akasema kwa kuwa mume hapingi, limebaki jambo moja dogo, nithibitishe kwamba saini ni yake. Nilikuwa nimekwisha kuapa kwa Biblia. Nikasema si yake. Nikasema mume wangu hajui kuandika, na nikasema kwa sauti ili wote waliokaa kwenye benchi wasikie.

Hakimu akaweka kalamu chini, akauliza karatasi ililetwa na nani. Nikataja jina lako. Ameahirisha shauri mpaka tarehe 24, na ameamuru uitwe ueleze saini ya kughushi ilitoka wapi.

Telesfori, nilijua kuwa ni yake. Sikuchanganyikiwa wala sikuelewa vibaya. Nilitaka iandikwe katika jalada la mahakama kwamba Evaristi hajui kuandika, na kwa ajili ya hilo nilikuwa tayari kubaki mke wake, shamba libaki na jina lake, na wewe uitwe mwongo. Jana nilikwenda kwa Kamugisha nikamweleza yote. Safari hii hakutania. Alisema nikaseme mwenyewe mbele ya hakimu, na kwamba kusema uongo baada ya kiapo kuna adhabu yake. Nitakwenda Jumatatu. Wewe uje tarehe 24, useme ulichoona, pamoja na ile nukta. Usinihurumie.

Na nikuambie nililomficha kila mtu. Evaristi hakuwa mzito wa kichwa. Jioni ya kwanza ya kumfundisha aliandika E kwa mkaa kwenye ubao wa mlango, ikatazama nyuma. Nilicheka, nikawaita wageni waje waone. Alifuta ubao kwa kiganja, na hakushika tena mkaa mbele yangu.

Msalimie sana Pulkeria, na wote wanaoniulizia hapo Igurwa. Ukipita tena Nakivale, Evaristi usimwulize kitu. Mwulize Deodatha, kwa upole, siku Evaristi alipokosea herufi ya kwanza mbele yake, yeye alifanya nini.

Dada yako,
Costansia Mukandekezi