Miguu Yangu Imemwagia Baba Mkwe Chai

Mpendwa Shangazi Bonareri,

Naomba unisaidie kushika hii miguu yangu, maana mwenyewe imenishinda. Mimi ni Phelix, mtoto wa Opondo wa kule kambi ya wachuma majani chai, shule niliachia kidato cha pili lakini si ujinga, ni walimu walichoka, na kwa kuchuma chai uliza mtu yeyote hapa Konoin, mimi namaliza safu yangu kabla wengine hawajafunga aproni. Sura pia iko, siwezi kudanganya. Shida ni moja tu Shangazi, jioni nikikaa chini kuna kitu inaanza kutembea ndani ya miguu kama siafu wako harusi, haiumi, lakini lazima nirushe mguu ama nisimame, nikisimama inanyamaza, nikikaa inarudi, hata kanisani kwa maombi ya jioni watu wanadhani nimeshukiwa na Roho.

Sasa kuna Rodah wa Kimulot, msichana mpaka jua likimwona linapunguza moto, na baba yake ni Mzee Kiptanui, mkulima wa chai, akasema niletwe jioni anione. Nikaenda na shati limepigwa pasi mpaka kola inakata. Mama yake akaniletea mursik, yale maziwa yao ya mgando ya kibuyu, nikaona ile weusi ya mkaa ndani ya maziwa, nikasema, "Asante mama, mimi mtu wa samaki, nipe tu chai." Chai ikaja, na yao ni kali, nikaongezewa, nikaongezewa tena, si kukataa ni madharau? Mzee akaanza kuombea chakula, na hiyo maombi ilipitia msitu wote wa Mau ikiombea mti mmoja mmoja, siafu nao wakaamka. Rodah akanikanyaga chini ya meza.

"Phelo, tulia!"

"Si mimi, ni hii miguu!"

Kabla ya Amina mguu ukaruka, meza ikaruka, thermos ikalalia suruali ya mzee. Hata kuku mlangoni akatoroka.

"Kijana," mzee akasema, "hii miguu inaenda wapi?"

"Haiendi mahali, mzee."

"Mguu ya kukimbia hivi itakuja kukimbia msichana yangu. Rudi mwezi ujao. Ukikaa kwa kiti mpaka chakula iishe, tutaongea. Ukishindwa, kuna Weldon wa duka ya mbolea pale Silibwet. Huyo ukimweka chini anakaa kama gunia."

Gunia, Shangazi! Nishindwe na gunia!

Nikakimbia dispensari, Sista Priscah akanitoa damu akasema imepungua, nile mboga ya managu, maharagwe na maini. Nimekula kama mbuzi aliyefunguliwa, na kila sahani nashushia na chai ya rangi kikombe kikubwa, ili iteremke vizuri. Lakini miguu imezidi! Rafiki yangu Mageto anasema Weldon ameniendea kwa mganga. Niambie, nimfuate huyo gunia, ama niache haya majani ya managu?

Wako mwenye miguu,
Phelix

—

Phelix,

Nimecheka mpaka chai ikanipita puani, kwa hivyo hata mimi umenimwagia. Pole, lakini Weldon mwache auze mbolea yake. Aliyekuroga ni birika lako.

Sista alikwambia ule managu na maini kwa sababu yana madini ya chuma, na mwili ukiyakosa miguu inaweza kuanza hiyo harusi ya siafu. Sasa wewe unakula, halafu unamwaga chai kali juu yake! Chai inayashika yale madini mwili usiyapate. Unapanda na mkono mmoja, unang'oa na mwingine, halafu unalia shamba halimei. Na isitoshe chai yenyewe huamsha miguu ya namna hiyo, hasa ya jioni.

Kwa hivyo, bwana mtu wa samaki, kula omena na maharagwe, kamulia managu limau, na chai ikae mbali kabisa na sahani. Kunywa katikati ya asubuhi, ukishapita mchana funga birika. Rudi kwa Sista Priscah umwambie ukweli wa hicho kikombe, na umuombe apime akiba ya chuma na atafute kwa nini kijana kama wewe amepungukiwa damu. Usimeze vidonge vya kujinunulia, wala usimsikize Mageto na mganga wake. Na usitegemee muujiza wiki hii, damu haichumwi haraka kama majani. Ikiwa chakula hakitatosha, daktari ana njia nyingine.

Kuhusu Kimulot, mwambie Rodah aombe ziara iwe mchana, wakati siafu wako wamelala. Ukiingia, omba msamaha wa suruali kabla hujakaa, na umweleze mzee huo ugonjwa wazi. Mtu akijua mguu unaumwa hatasema unakimbia.

Najua kukataa chai kwa mkulima wa chai ni kama kumtemea shamba. Lakini kijana, wewe ulishakosa adabu siku ya kwanza, na hukuona: ulikataa kibuyu cha mama. Anzia hapo. Thermos ikija, sema, "Mama, leo nisamehe chai. Naomba ile mursik niliyoikataa." Unywe mpaka chini, na mkaa wake. Ukimaliza, midomo ikiwa nyeupe, usipanguse.

Acha kwanza mama yake Rodah akuone.

Shangazi Bonareri